Taka Ndiyo Huchagua Boila: Safari ya Tabora hadi Kigoma

Jumatatu, Tabora Mjini

Kikundi cha wakamuaji wa mawese katika kijiji kimoja cha mwambao, kusini mwa mji wa Kigoma, kimepata mtu anayetaka kukiuzia boila (mtambo wa kugeuza maji kuwa mvuke) iliyokwishatumika, na mwenyekiti wao ameniomba nikaitazame kabla fedha hazijatoka. Boila yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya kuchoma mafuta mazito; wao wanataka ichome makapi ya chikichi na maganda ya mise, yaani kiini cha kokwa ya chikichi, yanayojaa uani kwao. Nimefanya kazi na mitambo ya mvuke muda mrefu wa kutosha kujua kwamba kabla ya kuuliza ukubwa wa boila ni lazima kuuliza itakula nini, kwa hiyo nimechagua kwenda kwa barabara, nipitie Urambo, Kaliua na Uvinza na kuangalia taka zinazoweza kuingia tanurini, ili nitakapofika niwe na vya kulinganisha.

Nilianzia hapa hapa mjini, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mama mmoja ambaye, baada ya kuitikia mwangaluka yangu, aliniuliza papo hapo kama nimekuja kununua maganda. Pumba laini zinagombaniwa na wafugaji wa kuku. Maganda yenyewe huchukuliwa na wafyatua matofali wakati wa kuchoma tanuri zao, na yanayobaki, ambayo ni mengi, humlazimu kukodi lori la kuyaondoa.

Takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga ni ganda. Kilo moja ya maganda makavu hutoa megajuli 13 au 14 za joto, ilhali lita moja ya dizeli hutoa kama 36, maana yake kilo tatu za kitu anacholipia kitupwe zinakaribia lita moja ya dizeli kabla ya kuhesabu hasara za tanuri. Mtu akisikia hesabu hiyo hukimbilia kutafuta boila. Lakini maganda haya yana sura nyingine mbili. Mita moja ya ujazo haina uzito wa zaidi ya kilo 100 hivi, kwa hiyo lori linalojaa hadi juu limebeba hewa kwa sehemu kubwa, na kuyasafirisha mbali ni kuchoma dizeli ili kuokoa dizeli. Pili, yakishaungua, karibu moja ya tano ya uzito hubaki kuwa majivu, na majivu hayo kwa asilimia 90 hivi ni silika, kitu kinachokwangua chuma. Mirija ya boila inayopitiwa na moshi wenye silika kwa kasi kubwa hutoboka kwenye kona zilezile kila mara. Isitoshe, moto ukipanda hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi, silika huanza kugeuka fuwele, na vumbi la fuwele hizo huharibu mapafu ya wanaozoa majivu. Tanuri la maganda ya mpunga linatakiwa kuwa pana, lenye moto wa kiasi, moshi wa mwendo wa polepole, na njia ya kutoa majivu muda wote bila kusimamisha kazi. Nilimwambia mama kwamba mteja wake anapaswa kuwa na kiwanda kisichozidi mwendo wa kilomita chache kutoka hapa, akacheka na kusema kwamba basi amngoje ajenge.

Jumanne, Urambo na Kaliua

Siku ya vumbi na tumbaku. Barabara inapita kando ya mabani ya kukaushia, na kila bani lina rundo lake la kuni za miombo. Hapa hakuna boila. Tumbaku ya mvuke, kama inavyoitwa, hukaushwa kwa hewa ya moto inayopitishwa katika mabomba, na hata hatua ya mwisho ya kukausha vikonyo haihitaji zaidi ya nyuzi 70 au 75. Joto dogo kama hilo lingeweza kutoka katika taka yoyote kavu, na inauma kuona magogo mazima ya miti ya asili yakiteketea kwa kazi inayoweza kufanywa na matawi na mabanzi.

Mabanzi niliyakuta Kaliua, kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao, pamoja na kilima cha unga wa mbao kilicholowa mvua ya msimu uliopita na hakijakauka ndani. Fundi wa pale alichimba kwa koleo hadi kina cha mkono mmoja, akanipa konzi ya unga. Ulikuwa wa moto na umeshikana. Niliupima uzito, nikauanika juu ya bati la gari juani hadi jioni, nikaupima tena: ulikuwa umepoteza karibu nusu. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kuchoma taka za mimea. Mti mbichi ambao nusu yake ni maji hutoa kama megajuli 8 kwa kilo. Ukikaushwa hadi maji yabaki moja ya tano, hutoa 14 au 15. Maji hayo hayaongezi chochote ila hunyang'anya joto ili yapate kugeuka mvuke na kutokea kwenye dohani, na moto unaopoa kwa namna hiyo hutoa moshi mweusi, lami na masizi, ambayo hushika kwenye mirija na kuzuia joto zaidi. Paa la mabati juu ya ghala la taka huongeza nguvu ya boila kuliko vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina hilo.

Urambo ina somo lake la zamani. Ni mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ambako Waingereza walianzisha mpango wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta na mashine nzito kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua ambavyo mashine hizo zingekutana navyo. Sikusudii kurudia historia. Ninaitaja kwa sababu boila ya kununuliwa kabla fueli haijapimwa ina ukoo mmoja na matrekta yale.

Jumatano, Uvinza

Tulivuka Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi asubuhi, tukaingia Uvinza kabla ya jua kali. Chemchemi za maji ya chumvi za hapa zimechemshwa kwa kuni kwa zaidi ya miaka 1000. Vyungu vilivyofukuliwa na wanaakiolojia vinathibitisha hilo. Nilikuja kwa sababu mbili, na ya kwanza ni kuona jinsi uchemshaji wa wazi unavyokula kuni. Kugeuza kilo moja ya maji yaliyokwisha kuchemka kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.26, na katika sufuria ya wazi mvuke wote huo huenda hewani pamoja na joto lake. Ndani ya boila iliyofungwa, mvuke huo ndio bidhaa: hubebwa kwa bomba hadi panapohitajika, hugeuka tena maji ukiwa umeacha joto lake pale, na maji hayo yenye nyuzi 80 au zaidi hurudishwa kuanza safari upya.

Sababu ya pili ni chumvi yenyewe. Maji ya boila ni lazima yalainishwe, na njia ya kawaida ni kuyapitisha katika pipa lililojaa chembe za utomvu wa kiwandani ambazo hushika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu badala yake. Chembe zikishiba huoshwa kwa maji ya chumvi, ambayo huziondolea ule ugumu na kuzirudishia sodiamu, zikaanza kazi tena. Chumvi ya kawaida ndiyo inayotumika, mradi iwe safi na isiwe na magnesiamu nyingi. Nilinunua gunia moja. Kama kikundi kitaipata boila, chumvi yake itatoka mwendo wa saa chache tu, jambo ambalo viwanda vingi vya pwani vinavyoagiza chumvi ya vidonge hawawezi kulisema.

Alhamisi, Kigoma

Kabla ya kwenda kuiona boila nilishuka ziwani na chupa na kipimo changu. Kipimo cha upitishaji umeme kilisoma karibu mikrosimensi 670 kwa sentimita, kama ilivyo kawaida ya Tanganyika, na karatasi ya kupimia alkali ikageuka rangi ya karibu 9. Maji haya ni matamu kunywa, lakini kwa boila ni ya kuheshimiwa. Magnesiamu yake ni nyingi kuliko kalsiamu, na ugumu wake wote unakaribia miligramu 200 kwa lita. Boila ndogo inayotoa tani moja ya mvuke kwa saa, ikifanya kazi saa 10 kwa siku bila kurudisha maji yake, huingiza kilo 2 za ugumu kila siku, na kilo hizo hazipandi na mvuke. Hubaki ndani na kuganda juu ya mirija kuwa ukoko. Chuma kilichofunikwa na ukoko hakiwezi kupozwa na maji yaliyo upande wa pili, hivyo huiva, hulainika, na siku moja huvimba.

Kulainisha huzuia ukoko lakini hakuondoi alkali. Bikaboneti za ziwa huvunjika kwa joto na kutoa kaboni dioksaidi, ambayo husafiri na mvuke na kugeuka asidi dhaifu mahali mvuke unapopoa, ikayala mabomba ya kurudishia maji. Chumvi zilizobaki nazo huzidi kujikusanya kila maji yanapochemka, na zikizidi, maji hutoa povu na kuchukuliwa na mvuke. Ndiyo maana mwendeshaji hufungua vali ya chini kwa muda mfupi kila zamu ili kutupa maji mazito. Kwa maji haya, ikiwa hakuna yanayorudishwa, karibu sehemu moja ya saba ya maji yote yanayoingia itabidi itupwe ikiwa ya moto. Ukirudisha maji ya mvuke uliopoa, hasara hiyo hupungua kwa kiwango kile kile unachorudisha.

Bandarini ipo meli ya Liemba, na haiwezekani mtu wa mvuke aipite bila kuitazama. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na kwa reli ambayo yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe baada ya kupaka mitambo yake grisi, Waingereza wakaiibua 1924, na ikarudi kazini 1927 ikiendelea kwa mvuke hadi ilipofungwa injini za dizeli miaka ya 1970. Boila zilizolala chini ya ziwa miaka kadhaa zikafufuliwa ni sifa kwa waliozitunza kabla ya kuzizamisha.

Boila ninayokuja kuikagua haikupata utunzaji huo. Ipo kwenye yadi, imepakwa rangi mpya ya fedha, na rangi mpya juu ya boila ya zamani hunifanya niombe brashi ya waya kabla ya kuomba maelezo. Ni ya mirija ya moto: silinda kubwa lenye maji, ndani yake bomba moja nene ambamo moto huwaka, na mirija myembamba mingi ambamo moshi hurudi kwenda dohani. Aina ya pili, ya mirija ya maji, huweka maji ndani ya mirija na moto nje, na ndiyo inayotumika kwa presha kubwa na mvuke mwingi kwa sababu mrija mwembamba hustahimili presha kuliko silinda pana. Kwa tani moja ya mvuke kwa saa na presha ya baa 10, kama bamba la hii linavyosomeka, mirija ya moto ni chaguo la kawaida, na sina ugomvi nalo.

Nilifungua tundu la mkono upande wa chini. Ukoko ulikuwa wa kijivu, wa milimita mbili hadi tatu, na ulitoka kwa vipande nilipougusa kwa ncha ya bisibisi. Nikagonga ganda la boila kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua kutoka mbele kwenda nyuma. Mlio ulikuwa mkali na safi isipokuwa sehemu ya chini karibu na bomba la kuingizia maji, ambako uligeuka mzito. Hapo ndipo maji baridi yenye oksijeni huingia na kuchimba vishimo. Kisha nikaingiza tochi ndani ya bomba la moto kutafuta plagi ya risasi, ile skrubu yenye kiini cha metali laini ambacho huyeyuka maji yakipungua na kuachia mvuke ushuke kwenye moto ili mwendeshaji ajue. Mahali pake palikuwa na bolti ya chuma.

Muuzaji aliyenisindikiza alisema kwa upole, "Hiyo ya zamani ilikuwa inavuja, mhandisi, wakaona waizibe."

"Ilikuwa inavuja kwa sababu ilikuwa inawaambia kitu, ndugu yangu," nilimjibu.

Hapa inafaa kueleza kwa nini nilikunja uso. Maji katika baa 10 hufika nyuzi 184 bila kuchemka, kwa kuwa presha inayazuia. Ganda likipasuka, presha hutoweka, na karibu asilimia 16 ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mkupuo, mvuke unaochukua nafasi mara 1600 hivi ya maji yaliyouzaa. Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Massachusetts, ilipasuka kwa namna hiyo, ikapaa kupitia sakafu na paa, na watu 58 wakafa, wengi wao kwa moto uliofuata. Kanuni za kutengeneza na kukagua boila ambazo leo zinafuatwa karibu kote duniani zilizaliwa na vifo vya aina hiyo. Kwetu, ukaguzi huo uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na boila hii haina cheti cha karibuni cha kuonyesha.

Ijumaa, kijijini

Uani kwa kikundi pana harufu ambayo mzaliwa wa Kigoma hahitaji kuelezwa. Mapipa manne ya kuchemshia chikichi yamekaa juu ya majiko ya matofali, moto wa kuni unatoka pande zote, na mashine ya kukamua iko chini ya paa la nyasi. Nilipokelewa na mzee mwenyekiti kwa mwakeye ya Kiha na na mama mweka hazina kwa daftari, na nikaona mara moja kwamba nitaelewana zaidi na mwenye daftari.

Nilianza na makapi yanayotoka kwenye mashine. Niliyabana kiganjani, nyuzi zilikuwa za rangi ya kutu, za moto, na ziliacha mafuta katika mistari ya mkono. Mafuta hayo yaliyobaki ni hasara kwa mkamuaji na faida kwa tanuri. Maganda ya mise yapo kwenye rundo lingine, mahali akina mama wanapopasua kokwa na kuuza mise kwa watengeneza sabuni. Ni magumu, makavu, yenye ncha kali, na mahali yanapomwagwa hutumika kujazia mashimo ya njia. Rundo la tatu ni mikungu mitupu, imelowa, imeanza kuota uyoga.

Takwimu za viwanda vya kawaida vya mawese zinasema kwamba tani moja ya mikungu mibichi huacha karibu kilo 130 za makapi, kilo 60 hivi za maganda, na zaidi ya kilo 200 za mikungu mitupu. Makapi yakiwa na unyevu wake wa kawaida hutoa kama megajuli 11 kwa kilo, na maganda 17. Jumla yake, kwa tani moja ya mikungu, ni kama megajuli 2450. Tanuri na boila ya kawaida ikiokoa asilimia 65, tunabaki na karibu 1590 ndani ya mvuke. Kuchemsha na kukamua tani hiyo moja kwa njia ya kiwandani huhitaji karibu nusu tani ya mvuke, sawa na megajuli 1200. Kwa maneno mengine, chikichi hubeba kuni zake zenyewe na kubakiza, na gari la kuni linaloingia hapa kila wiki halina sababu ya kuja.

Nilipowasomea hesabu hiyo, mama aliuliza, "Hizo kilo ni za chikichi ipi?" Swali lake ndilo lililonipa heshima kwa kikundi hiki. Takwimu hizo ni za aina ya tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ambayo miche yake imesambazwa sana tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kuhimiza zao hili mwaka 2018 na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kuzalisha mbegu. Michikichi mingi ya kijiji hiki bado ni dura ya asili, yenye kokwa kubwa na ganda nene. Maganda yao yatakuwa mengi kuliko kilo 60, nyuzi pungufu, mafuta pungufu pia, na mchanganyiko huo utabadilika mwaka hadi mwaka kadiri mashamba mapya yatakavyoanza kuzaa. Tanuri litakalojengwa lazima liweze kula vyote viwili kwa viwango vinavyohama.

Mikungu mitupu nilishauri isiguswe. Zaidi ya nusu yake ni maji, na majivu yake yamejaa potasiamu. Potasiamu hushusha joto ambalo majivu huyeyukia, hivyo badala ya kubaki unga, majivu huwa rojo linaloziba matundu ya hewa kwenye chanja na kuganda juu ya mirija likawa jiwe. Viwanda vikubwa huikamua, huikatakata na kuichanganya kidogo kidogo. Kwa kikundi hiki, potasiamu hiyo ina thamani kubwa zaidi ikirudi chini ya michikichi iliyoitoa, ikitandazwa mashinani kama matandazo. Mzee aliunga mkono; alisema baba yake alifanya hivyo hivyo.

Tukaja kwenye boila ya yadi. Bomba lake la moto lina kipenyo cha sentimita 70 tu na halina chanja, kwa sababu mafuta mazito huwaka hewani na hayaachi majivu ya kuzoa. Makapi huwaka kwa namna nyingine: hukauka kwanza, kisha hutoa gesi ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto na zinazohitaji nafasi na hewa ya juu ili ziungue zikamilike, na mwisho hubaki mkaa unaowaka taratibu juu ya chanja. Ukiyasukuma ndani ya lile bomba, gesi zitakutana na chuma kilichopozwa na maji kabla hazijamaliza kuungua, utapata masizi badala ya mvuke, na katika siku chache mirija itajaa majivu. Linalowezekana ni kujenga tanuri la matofali yanayostahimili moto mbele ya boila, lenye chanja cha mteremko, feni moja ya hewa chini ya chanja na matundu ya hewa ya pili juu ya moto, ili kuungua kuishie ndani ya matofali na boila ipokee moshi wa moto tu. Katikati kuwe na chumba cha kupunguzia kasi ili majivu mazito yaanguke. Hata hivyo boila itatoa mvuke pungufu ya tani moja iliyoandikwa kwenye bamba. Mimi ningetegemea theluthi mbili, nao wanahitaji nusu.

Kijana mmoja wa kikundi, aliyesoma chuo cha ufundi, aliuliza kuhusu tanuri za mchanga unaoelea. Aliuliza vizuri. Katika tanuri hizo hewa hupulizwa kutoka chini kwa nguvu ya kutosha kuunyanyua mchanga wa moto ukachemka, na taka inayotupwa humo, hata ikiwa mbichi na ya aina mchanganyiko, huungua kwa usawa kati ya nyuzi 800 na 900, chini ya joto la kuyeyusha majivu mengi. Ni teknolojia bora ya kula taka ngumu kupangika, lakini feni zake hula umeme muda wote, potasiamu nyingi hugandisha mchanga wenyewe, na gharama yake huanza kulipa kwenye mitambo mikubwa mara nyingi kuliko huu. Hapa chanja cha chuma na koleo vitashinda.

Kuhusu umeme nilikuwa mfupi. Viwanda vya sukari vya TPC Moshi na Kilombero huchoma makapi ya miwa, huzungusha majenereta kwa mvuke wa presha kubwa na kisha hutumia mvuke huohuo uliochoka kupikia sukari. Huko Njombe, kampuni ya TANWAT huchoma mabaki ya miti kwa mtindo unaokaribiana. Ukubwa ndio unaowabeba. Kwa mvuke wa nusu tani, injini ndogo ingetoa umeme kiduchu kwa usumbufu mwingi, na fedha zake zingenunua pipa la kulainishia maji na pampu ya akiba.

Jumamosi, Kigoma-Ujiji

Mtu mmoja wa kikundi alinipeleka soko la Mwanga na mwalo wa Kibirizi akitaka nione taka za mji, kwa kuwa amesikia kwamba Addis Ababa wanazigeuza umeme. Ni kweli. Mtambo wa Reppie ulizinduliwa Agosti 2018, wa megawati 25, ukikusudiwa kula tani 1400 kwa siku, kando ya jalala la Koshe ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limeporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Lakini taka za soko la Mwanga ni maganda ya ndizi, majani ya mihogo na nyanya zilizooza, na taka ikishuka chini ya megajuli 6 au 7 kwa kilo haiwezi kujiunguza yenyewe juu ya chanja. Zilizo kavu ni plastiki, na humo ndimo klorini imo. Klorini hula chuma cha mirija yenye joto kali, ndiyo maana mitambo ya taka za mji hujizuia kwenye mvuke wa nyuzi 400 na baa 40, ingawa kupanda zaidi kungeongeza umeme. Moshi wake nao, kwa sheria za Ulaya, sharti ukae angalau sekunde 2 kwenye nyuzi 850 ili sumu za dioksini zivunjike, kisha upozwe haraka na kuchujwa kwa chokaa, mkaa na mifuko ya kitambaa. Vichujio hivyo ni sehemu kubwa ya bei ya mtambo.

Aliniuliza kama basi wanaweza kuchanganya chupa kidogo na matairi machache katika tanuri la mawese siku ambazo makapi hayatoshi. Nilikataa bila kuzunguka. Tanuri lile halitakuwa na kichujio, litakuwa hatua chache kutoka kwa akina mama wanaopasua mise, na moshi wake utasambaa mahali mafuta ya kula yanapokamuliwa.

Jumapili, kijijini tena

Kikao kilikuwa kifupi kuliko nilivyotarajia, chini ya mwembe, baada ya ibada. Nilieleza kwamba sipingi boila bali bei yake na haraka ya muuzaji. Ganda lipimwe unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, hasa pale chini palipolia vibaya. Mirija isafishwe ukoko. Plagi ya risasi, vioo viwili vya maji na vali ya usalama viwe vipya. Kisha ijazwe maji baridi na kusukumwa hadi baa 15 mbele ya mkaguzi, kwa kuwa maji yaliyobanwa hayana nguvu ya kulipuka kama hewa iliyobanwa. Ikishindwa popote, ni chuma chakavu, na ilipwe kama chuma chakavu.

Mzee aliuliza nani atakaa na kioo cha maji usiku wakati wa msimu. Tulikubaliana vijana wawili kwa kila zamu, mmoja wa moto na mmoja wa maji, wasibadilishane kazi katikati, na kwamba watakwenda kufunzwa kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Mama mweka hazina alikuwa amekwisha kupiga mistari kwenye daftari: mikungu iliyoingia, aina yake, makapi, maganda, kuni zilizonunuliwa. Mizani ya kilo 300 wataazima kwa wanunuzi wa mise kuanzia kesho, na watapima hadi mwisho wa msimu huu. Muuzaji amepigiwa simu. Amekubali kipimo cha unene, hajakubali kipimo cha maji.

"Basi tumwache afikirie," mama alisema, akaandika namba yake ya simu pembeni mwa ukurasa kwa penseli.